Nilivyompeleka mbwa asiyekula nyama kwenye Krismasi ya mbuzi, Mpwapwa

Mbukwenyi wakuu. Kwa msiotoka Dodoma, hiyo ni salamu, ipokeeni tu.

Juzi kuna mdau aliuliza humu kama mtu mwenye akili timamu anaweza kusafiri na mbwa sikukuu. Akashambuliwa mpaka nikamwonea huruma. Mmoja akamwambia mbwa anaachiwa mlinzi na dona, yaishe.

Mimi husafiri na mbwa kila Krismasi na sina mpango wa kuacha. Krismasi iliyopita nilisafiri na wawili. Huyo wa pili ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Hii siyo chai, nilikuwepo na wife yupo hapa pembeni anasoma ninavyoandika. Mwenye haraka aruke, tutakutana kwenye mbuzi.

Nakaa Area D, Dodoma mjini. Mbwa wangu anaitwa Komando. Ni wa kienyeji, sikio moja limekatika nusu, anakula kila kitu mpaka ndala.

Jirani yangu ni Mama Jayesh. Ni Mhindi, mjane, ana duka la vitambaa mjini, na watoto wake wote wako nje ya nchi. Mumewe alipofariki, wife ndiye aliyekwenda kulala kwake mpaka watoto walipofika. Tangu hapo ananiita mwanangu, na mimi namwamkia kama ninavyomwamkia mama aliyenizaa. Mama yangu mwenyewe hayupo, kwa hiyo mjue hilo si jambo dogo kwangu.

Mama Jayesh ana mbwa mmoja mkubwa, mwekundu, anaitwa Raja. Kila asubuhi anakwenda naye dukani, jioni anarudi naye.

Sasa sikilizeni. Mama Jayesh hali nyama. Samaki hali, yai hali. Ni imani yao, na nyumba ile nyama haiingii. Mtaa mzima tunaheshimu. Ukipita kumsalimia umetoka buchani, mfuko wako unauacha getini, na hakuna aliyewahi kununa.

Na Raja vilevile. Asubuhi chapati na maziwa, jioni wali na dengu, tena mama anampulizia kwanza vipoe. Tulikuwa tunatania kwamba huyo ndiye mbwa pekee Dodoma anayepita mbele ya bucha bila kugeuza shingo.

Mwezi wa kumi na mbili Mama Jayesh akaitwa Dar kufanyiwa operesheni ya jicho. Jayesh angekuja kumuuguza. Raja je? Mama akavuka barabara akaja kwangu mwenyewe, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kuniomba hata kiberiti.

"Mwanangu, nakuachia Raja. Kitu kimoja tu nakuomba, usimpe nyama. Nipe neno lako."

Nikampa palepale, kama mtu anayeitikia salamu.

Alipotoka, wife akaniangalia sana. Akaniuliza kama nakumbuka Krismasi tunakula wapi.

Wakuu, Krismasi tunakula kwa Baba. Kijijini, upande wa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Baba ni mfugaji. Kwake mboga ya sikukuu ni mbuzi, na ukiuliza kama kuna mboga nyingine, jibu ni kwamba kuna mbuzi mwingine.

Wife akashauri tumtafutie Raja mtu wa kukaa naye. Nikakataa. Neno nilitoa mimi, siwezi kulikabidhi kwa mtu mwingine na funguo za geti. Raja anakwenda Mpwapwa, na nyama hali. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Kwa faida ya yule mdau, safari yenyewe haina maajabu. Chanjo ya kichaa cha mbwa unachoma mapema, siyo wiki ya safari, na vyeti vinakaa karibu na leseni yako. Asubuhi ya safari usiwalishe, wape maji kidogo tu, vinginevyo utaosha gari njia nzima. Viti vya nyuma unalaza, unatandika turubai, juu yake gunia ili wasiteleze. Kamba fupi, dirisha nusu. Usimwache mbwa kwenye gari lililofungwa vioo hata kama unaingia dukani mara moja, jua la huku halina mchezo.

Tulisimama Mbande wakanyoosha miguu. Mbele kidogo trafiki akachungulia nyuma, akauliza kama wale abiria wamekata tiketi, akatutakia sikukuu njema.

Komando alilala mwanzo mwisho. Raja yeye alikaa wima, kidevu kimelala kwenye bega la wife, macho barabarani, utadhani ndiye anayenifundisha kuendesha. Miguuni kwa wife kulikuwa na chapati alizopika Mama Jayesh kwa mkono wake kabla ya kuondoka, zimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Tukapita Kongwa, tukapita Mpwapwa mjini, tukafika nyumbani mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wameanza kupanda.

Sasa niwaeleze Baba yangu kidogo, maana bila hivyo hamtanielewa.

Baba amechunga maisha yake yote. Mbwa anawaheshimu kuliko anavyoheshimu baadhi ya wakwe zake. Mbwa wake ndio wanaolinda zizi, na fisi kule hawajahama. Sasa ana utaratibu wake. Siku ya kuchinja, kabla mtu hajaonja chochote, anawaita mbwa mmoja mmoja na kuwapa fungu lao kwa mkono wake. Anasema mbwa akishakula mkononi mwake amejulikana hapo nyumbani, na wenzake hawamgusi. Ambaye hajala mkononi mwake, mbwa wenyeji humhesabu mwizi.

Mcheke msicheke, inafanya kazi. Komando alikula mkononi mwa Baba mwaka wa kwanza nilipokwenda naye, na hajawahi kung'atwa pale mpaka leo.

Nadhani mmeshaona ninapoelekea.

Krismasi tukatoka kanisani, mbuzi akachinjwa. Ndugu wamejaa, majirani wamejaa, wakwe wa kaka yangu wapo. Baba akatoka na bakuli. Akawaita mbwa wake, wakala. Akamwita Komando, akala. Kisha akachukua kipande kizuri cha ini, akanyoosha mkono.

"Na mgeni aje."

Nikasema, "Baba, huyo hali nyama."

Kaka yangu mkubwa, Ndahani, ndiye aliyeanza kucheka. Akauliza kama mbwa ameokoka. Shangazi akataka kujua kama ni mgonjwa, maana kama ni mgonjwa asikae karibu na watoto. Mkwe mmoja akasema ndiyo matatizo ya kukaa mjini, mpaka mbwa anapewa masharti na daktari. Watu wakashika mbavu.

Baba hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwake mgeni hatengwi siku ya sikukuu, awe mtu awe mbwa. Akasema mbwa wale watamrarua nikigeuka. Halafu akaongeza kwamba mimi sijawahi kumkatalia kitu mbele za watu. Ni kweli, sijawahi. Na mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa.

Masikio yalinichoma wakuu. Nilijua ningeweza kunyamaza tu, Raja akala, maisha yakaendelea. Mama Jayesh alikuwa Dar kitandani jicho limefunikwa, angejulia wapi? Wife alikuwa ananipa lile jicho la kusema achia bwana. Lakini niliona kile kitambaa cheupe cha chapati pembeni yake.

"Baba, mwenye mbwa ni mama mtu mzima, mjane. Aliniomba neno nikampa. Siwezi."

Baba akanitazama. Akarudisha ini bakulini. Akauliza huyo mbwa anakula nini basi. Nikamwambia chapati na maziwa.

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake cha maziwa ya mgando. Wanaotujua wanajua kibuyu kile hata Ndahani hakigusi. Akajimiminia kwenye kiganja, akachuchumaa, na Raja akalamba kiganja chote mpaka kwenye kifundo cha mkono. Baba akasimama, akawaambia watu wote kwamba atakayempa mbwa yule nyama amempiga yeye kofi.

Mbwa wenyeji wakaja wakamnusa Raja, wakaondoka zao.

Nilikula mbuzi siku ile nimenyoosha shingo. Nilijiona mwanaume kweli kweli, siwafichi.

Alasiri, watu wameshiba, tumekaa mikekani. Komando akapita na mfupa wa paja mdomoni. Akauweka chini akaenda kunywa maji.

Raja akainuka taratibu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaubeba ule mfupa akaenda nao kando ya ghala.

Niliruka niende kumnyang'anya. Baba akanishika mkono.

"Muache. Angalia anavyoushika."

Nikaangalia. Alikuwa amelala chini, mfupa ameusimamisha katikati ya miguu ya mbele. Akaanzia kwenye gegedu. Akaugeuza. Akautafuta ule upande mwembamba, akaupasua kwa meno ya pembeni, akafyonza uboho mpaka tone la mwisho.

"Huyu hajaanza leo," Baba akasema.

Wakuu, mbwa ambaye hajawahi kuona mfupa huulamba tu, unamteleza, anauacha. Raja alikuwa fundi. Ndahani alicheka mpaka akalala kwenye mkeka, na wakwe zake vilevile.

Mimi sikucheka. Nilikasirika, tena sana. Nimemkatalia mzee wangu mbele ya ukoo na wakwe kwa ajili ya mbwa mnafiki. Nikamfuata Baba zizini, nikamwomba radhi, nikamwambia nimemwaibisha bure.

Akaendelea kufunga mlango wa zizi. Akanijibu bila kugeuka.

"Neno lilikuwa lako. Mbwa hakuahidi kitu."

Basi. Hatukuliongelea tena.

Lakini kurudi Dodoma nilikuwa na kesi nyingine kichwani. Nimwambie Mama Jayesh au nisimwambie?

Wife alisema ninyamaze. Kwamba mama jicho bado bichi, kwamba anajua nyumba yake ni safi, na mimi naenda kumvuruga kwa sababu ya mfupa mmoja. Hoja ilikuwa na uzito. Niliogopa pia. Niliona anamfungia Raja nje, au anadhani nimempa mimi halafu natafuta cha kusingizia. Niliogopa asiniite mwanangu tena. Nilishapoteza mama mmoja, wa pili sikutaka kumpoteza kwa mfupa.

Ila kila nikifikiria kunyamaza naona mkono wa Baba umenyooshwa na ini. Kama ningeficha hili, kule nilimkatalia kwa sababu gani?

Mama Jayesh akarudi baada ya mwaka mpya, amevaa miwani nyeusi. Raja nusura amwangushe. Nikampa shikamoo, nikampa na chupa ya samli ambayo Baba alimtumia, ya kupikia chapati za mgeni wake Raja. Akafurahi. Akakaa, akaniuliza Raja alikula nini Krismasi.

Nikamweleza yote. Ini, kibuyu, mpaka ghalani.

"Mama, mimi sikumpa nyama. Lakini mfupa alikula, nilimwona. Na alivyoula, siyo mara ya kwanza."

Mkono wake ulikuwa kichwani kwa Raja, unampapasa. Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

"Mlinzi wa dukani humpa mifupa kila mchana," akasema. "Anadhani sijui."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, sasa mama, kama ulikuwa unajua, kwa nini ulinibana na neno?

Akavua miwani. Jicho bado lilikuwa jekundu.

"Mbwa ni mbwa, mwanangu, atakachookota huko ni chake. Lakini mkono wangu haujawahi kumpa nyama. Nilipoondoka, mkono wangu ulikuwa wewe."

Wakuu, nilichofikiria pale ni Baba amechuchumaa, maziwa yanamchuruzika kiganjani.

Mama akaniambia nimpigie huyo mzee. Wakaongea sana, simu iko kwenye spika, mimi nimekaa katikati, wanajadili tumbo la Raja kama madaktari wawili. Nimeona kwa macho yangu kwamba wazee hawa wawili wanaelewana kuliko mimi ninavyowaelewa.

Nilichojifunza: kusafiri na mbwa ni rahisi, maandalizi nimewapa hapo juu, wanaobisha waendelee kubisha. Ila ukimchukua mbwa wa mtu, umechukua na desturi ya nyumba yake. Ukitoa neno lako, lishike hata kama mbwa mwenyewe anakusaliti nyuma ya ghala. Na ukirudi, sema ukweli wote. Wenye mbwa wanajua mengi kuliko tunavyodhani.

Krismasi ijayo tunakwenda tena. Safari hii Mama Jayesh anakuja. Kiti cha mbele ni chake, wife amekubali kukaa nyuma na Komando na Raja, ingawa ananiangalia vibaya hapa ninapoandika hivyo.

Tatizo limebaki moja, na hapa ndipo nawahitaji. Jana Baba kanipigia, ana wasiwasi wa kweli. Anasema mama huyo ni mgeni wake, na mgeni wake lazima apokee kitu cha sikukuu kutoka mkononi mwake. Maziwa anasema alishampa Raja, mama hawezi kupewa kilekile cha mbwa, na ukitoa hayo, Baba maisha yake yote mkononi amekuwa na nyama tu.

Wenye uzoefu, mgeni kama huyu apewe nini kwenye nyumba ya mfugaji? Andikeni hapa chini, nitamsomea mzee yote.