Nilimwimbia Bariyere Asimame

Kosa ni langu. Watu wamemlaumu kocha, wamelaumu mawe ya uwanja, na wengine wamezua hata habari za uchawi. Waacheni wote hao! Aliyemharibu yule kijana ni mimi, kwa filimbi yangu na mdomo wangu huu huu.

Jina sitaji. Nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale soko la Kituku, Goma, na wauza sambaza tuko wengi, basi tafuteni mpaka mchoke. Sauti ninayo. Mtu anayeshinda akiita wateja juu ya kelele za injini za mashua hawezi kukosa sauti. Ndiyo maana mashabiki wa timu ya chuo cha mtaani kwetu walinifanya kiongozi wao, mimi ambaye darasani mwao sijawahi kukanyaga.

Kijana mwenyewe alikuwa beki. Alitoka milima ya Masisi, mrefu, mpole, mtu wa kuomba samahani hata akikupita mlangoni. Alipanga chumba uani kwangu na mezani kwangu ndipo alipokula. Aliniita mama, nami nilimwita mwanangu, na hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Chuo kilimsomesha bila kumdai minerval, yaani ada, kwa sharti moja: acheze.

Na alicheza! Mashabiki tulimpa jina la Bariyere, kwa sababu kama ile kamba inayofungwa barabarani, kwake hapiti mtu. Uwanja wetu hauna majani, ni changarawe nyeusi ya volkano, lakini yeye alijitupa pale chini kama mtu anayejitupa kitandani. Magoti yake yalikuwa makovu matupu. Wanawake wa soko walimpelekea jogoo. Mzee mmoja wa Masisi alimletea fromaji nzima, jibini ya kwao, akamshika kichwa akalia. Wengine hata mpira hawakuujua, walikuja kumtazama yeye.

Sasa nisikilizeni hapa. Tulikuwa na desturi yetu. Bariyere akianguka, mimi napuliza filimbi, na uwanja mzima unaimba: "Simama, Bariyere! Njia iko wazi!" Tunaimba mpaka asimame. Na alikuwa anasimama siku zote. Wimbo ni wangu, niliutunga mwenyewe nikiwa naanika samaki. Tulifika mahali tukawa tunapenda aanguke, ili tumwimbie asimame. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi ya fainali alikuja mezani kwangu Kituku. Nilimpa bugali na sambaza. Akala kidogo, akasukuma sahani.

"Mama, goti yangu haiko muzuri," akasema. "Kila nikigeuka, nasikia inateleza ndani."

"Umemwambia kocha?"

"Nikimwambia, watasema naogopa finale. Watasema minerval wananilipia ya nini." Akatazama ziwa. "Nitacheza. Goti ikikataa, nitaanguka, nitabaki chini, kila mutu ataona. Kocha atanitosha inje, hakuna mwenye atanisema. Lakini mama, leo nikianguka, musiniimbe."

Nikacheka. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nikisikia ule wimbo siwezi kulala chini. Muniache tu."

Nikamwambia, "Nimesikia." Nilimwambia hivyo nikiwa nampimia mteja samaki. Ndiyo, nilikuwa nampimia mteja! Lakini nilisikia. Msije mkasema hakusikia. Nilisikia kila neno.

Tulicheza na wenzetu wa upande wa Himbi, watoto wa nyumba nzuri, jezi zao zinang'aa, mashabiki wao wamebeba viti vyao vya plastiki. Tulitangulia kwa bao moja. Kuelekea mwisho, Bariyere akageuka kumfuata mtu, goti likakataa, akaanguka. Alianguka karibu kabisa na mimi. Hakushika goti. Alilala tu ubavu, akanitazama.

Kocha akaita mchezaji wa akiba. Kijana yule akaanza kuvua koti. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama mwanangu alivyopanga.

Watu wakageuka kunitazama. Uwanja mzima, jamani! Walikuwa wanangoja filimbi. Mwanamke jirani yangu akanigonga kiwiko: "Mama, unangoja nini? Imba!" Nikanyamaza. Halafu wale wa Himbi wakaanza kupiga viti vyao na kuimba, "Bariyere imevunjika! Tupite!" Wakacheka. Mmoja akanionyesha kidole akajifanya analia.

Nikapuliza.

Sina maelezo mengine. Kiburi kilinipanda kichwani, nikapuliza filimbi, na watu wakaimba wimbo wangu kama hawajawahi kuuimba. Yeye alifumba macho. Kisha akaweka mkono chini, akaweka mwingine, akasimama. Kocha akamwambia yule wa akiba akae. Mpira ukaja, Bariyere akautupia mguu, akauzuia usiingie golini, na mguu ukapinda upande ambao mguu haupindi. Muda huo huo refa akamaliza mpira. Tumeshinda!

Mngedhani basi niliamka. Wapi! Sisi anayetuletea ushindi tunambeba juu ya chukudu, ile baiskeli isiyo na pedali ya kubebea mizigo. Vijana wakaleta chukudu ya mbao ya mbeba makaa mmoja, wakampakia, wakaanza kumsukuma barabarani juu ya yale mawe, filimbi mbele, ni mimi hapo mbele. Machozi yalimtoka. Watu wakasema, tazama, analia kwa furaha! Mimi nilijua. Alinishika bega, mkono wake baridi.

"Mama, munishushe."

"Vumilia kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Watu wanakuona."

Tulimzungusha mpaka akatapika na kichwa kikaanguka. Hapo ndipo mtu akasema hospitali.

Daktari alikuwa kijana mstaarabu. Alisema kamba za goti zimekatika, akauliza nani alimrudisha uwanjani na nani alimsukuma kwenye chukudu. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, filimbi shingoni.

Mashabiki walimtembelea sana mwanzoni. Walileta matunda, walipiga picha naye. Kisha ligi ikaanza tena. Chuo hakikumfukuza, sitasema uongo. Kilianza tu kumdai minerval kama mwanafunzi yeyote, na nyumbani kwao hawakuwa nayo, wala mimi. Akakunja vitabu vyake. Siku hizi yuko Kibati, nje ya mji, ndani ya kibanda cha kuuza vocha za simu, kwa sababu ile ni kazi ya kukaa. Mguu haukunjiki.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilipanda moto, yaani pikipiki, na njia nzima nikawa nayapanga maneno. Alinipa kiti chake, yeye akaegemea ukuta. Nikasema, "Mwanangu, uliniambia nisiimbe." Akatikisa kichwa polepole.

"Mama, wacha," akasema. "Hata mie nilikuwa naupenda ule wimbo."

Angenitukana! Angenitemea mate, ningejua pa kushika. Nilikaa pale nikitazama vocha zilizobandikwa ukutani, na ndani yangu hakukuwa na kitu. Sikulia. Mpaka leo sijalia. Naanika samaki, nalala, naamka. Timu ikifunga bao watu wananikumbatia, nami nawaacha wanikumbatie.

Mama yake alinipigia simu kutoka Masisi. Barabara ilikuwa mbaya, hakuweza kuja. Alisema amesikia jinsi watu wa Goma walivyompenda mtoto wake mpaka wakambeba juu. "Aksanti, mama, kunilindia mutoto," akasema. Nikamjibu kwamba haina shida. Haya ndiyo maneno yaliyotoka mdomoni mwangu: haina shida! Yule mama bado hajui. Mwanawe hajamwambia, nami sikuwa na moyo. Nimeandika hapa kwanza, nijifunze kulisema kosa langu, kisha nitampigia.

Jumapili iliyopita nilikwenda uwanjani. Kuna beki mpya, mtoto bado, ndevu hazijaota. Akaanguka. Watu wakageuka kunitazama kama zamani. Nilikuwa nimeiacha filimbi nyumbani makusudi, na mdomo nikaufunga. Nikadhani nikinyamaza mimi, basi yamekwisha.

Wakaimba bila mimi. Wimbo wangu wote, na jina la yule mtoto wakaliweka pale lilipokuwa jina la mwanangu. Nikapaza sauti, "Nyamazeni! Muacheni!" Mimi mwenye sauti ya Kituku, na hakuna aliyenisikia. Mtoto akasimama, anachechemea, anacheka kwa aibu, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi, mashabiki wa kila timu. Mpeni beki wenu jogoo, mpeni fromaji, mpeni jina zuri. Lakini akilala chini, nawaomba, nyamazeni, asikie mguu wake unamwambia nini.