Nguo za Kocha Mchungaji

Mjane alikaa ukingoni mwa kitanda, kichwa kikimzunguka kama pia. Hospitali walikuwa wanasubiri nguo za kumvika marehemu mumewe, na kila mtu alikuwa ameleta alizoona zinamfaa.

"Joho," alisema mzee wa kanisa, kalibeba kama mtoto mchanga. "Mchungaji huzikwa kichungaji."

"Jezi," alijibu golikipa, jitu refu lenye macho mekundu kwa kulia. "Mama, kocha akifika huko na joho, nani atamjua?"

"Huko hakuna ligi, kijana."

"Sasa atafanya nini milele yote?"

Wifi wa mjane alicheka, akaziba mdomo. Majirani nao walikuwa wameleta ovaroli ambayo marehemu alikuwa akiingia nayo mtaroni kuzibua maji machafu ya mtaa mzima.

Mjane hakujua ashike lipi aache lipi. Hivi aliolewa na nani hasa? Kanisani mumewe alihubiri habari za kipindi cha pili, waumini wakajua anasema uzee. Uwanjani alisimamisha mazoezi, akawapigisha vijana magoti kwa sababu mmoja kamtukana mwenzake. Mtaroni aliwapulizia kipenga majirani wavivu. Tangu jana watu wanamsimulia, na yeye anasikiliza kama anayeambiwa habari za mgeni. Mtu wake yeye alikuwa hasemi. Alirudi chakula kimepoa, akala, akasinzia kitini.

"Wifi, amua basi. Gari linangoja."

Alichukua jezi, akairudisha. Akashika joho, nalo akaliweka. Ndipo zikamjia Jumapili zao: mechi ilianza ibada ikiisha tu, kwa hiyo jezi ilikaa ndani, joho juu. Yeye ndiye aliyemfunga vifungo, huku akimgombeza kwamba joto litamuua.

"Jezi ndani, joho juu. Ovaroli mfunikeni miguuni."

Mzee akamtazama golikipa. Golikipa akaitikia kwa kichwa.

"Na viatu, Mama? Vya mpira au vya kanisani?"

Hapo akakwama tena. Akageuka kutazama mlangoni, pale mumewe alipozoea kuviacha.

"Viatu hapana," alisema. "Akifika nyumbani huvua."

Golikipa akaanza kulia upya. Mzee akawa anakunja joho ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Au nimekosea?" mjane akamuuliza wifi yake. "Wifi, nimekosea?"

Wifi alikuwa tayari anatia nguo kwenye mfuko.