Faili la Kodi Lililosafiri kwa Basi

Miaka ya sabini niliishi Mbeya, kazi yangu kuandaa hesabu za kodi za wenye maduka. Sikuwa na cheti kikubwa. Nilisomea ukarani, nikajua kupiga taipu, nikaajiriwa na mhasibu mmoja, na alipohama mji wateja wake wadogo wakabaki mikononi mwangu. Walikuja na risiti zao kwenye mifuko ya sukari, kwenye kofia, na mama mmoja muuza vitenge alizileta kwenye sufuria lenye mfuniko ili zisilowe.

Ugumu wa kazi ile haukuwa kujumlisha. Ugumu ulikuwa kwamba sheria zilibadilika na hukuwa na mtu wa kumuuliza. Ukienda kuuliza ofisi ya kodi, afisa anakutazama kama uliyekuja kujisalimisha. Basi nikapata wazo la faili. Lilikuwa faili gumu la kijani, lenye kamba ya kufungia. Mwenye swali anaandika swali lake kwenye karatasi, analifunga humo, anampa konda wa basi alipeleke kwa mwenzake. Mwenzake akijua jibu anaandika chini, asipojua anaacha, na faili linasonga mbele.

Tulikuwa wanne. Mimi Mbeya. Makongolosi kulikuwa na mzee mmoja mwenye miwani minene, aliyeandika hesabu za wenye maduka kule machimboni tangu ujana wake. Iringa kulikuwa na mwalimu mstaafu, mtunza hazina wa usharika wao wa Kilutheri, ambaye jioni aliwasaidia wafanyabiashara kujaza fomu. Wa nne alikuwa karani wa mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, kijana aliyehamia Usangu na wazazi wake na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Faili lilitoka kwangu likaenda Makongolosi. Likirudi, konda wa basi la Makongolosi alimkabidhi mwenzake wa basi la Iringa pale pale stendi, nami sikuligusa. Kutoka Iringa liliteremka hadi Rujewa, ndipo likanirudia. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu majibu yote na kuwatumia kila mmoja nakala.

Kwa muda tulifurahi. Nilijifunza kwenye faili lile mambo ambayo hakuna ofisi ingenieleza. Kisha siku moja nililifungua nikakuta, katikati ya swali la kodi ya mauzo na jibu lake, tangazo la mbuzi aliyepotea. Beberu mweusi, sikio moja limekatika, atakayemwona atoe taarifa kwa mama ntilie wa stendi ya Iringa.

Nikacheka, nikalitoa. Mara iliyofuata kulikuwa na mtu anayetafuta sabuni ya kufulia, mwingine ana cherehani ya kubadilishana na baiskeli, na mganga anayetibu meno na mikosi kwa pamoja. Sikucheka tena. Nilikwenda stendi nikamsubiri konda wa basi la Iringa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayejua jina la kila abiria na la mama yake.

"Kaka, nani anaandika kwenye faili langu?"

"Abiria, dada." Hata hakuona haya. "Mtu yuko safarini, ana shida yake, anaona lile faili linafika Iringa, linafika Rujewa, linafika Mbeya. Ananiomba. Nimkatalie?"

"Ndiyo, umkatalie! Faili lile ni la kodi."

"Sasa nani anasoma mambo ya kodi, dada? Watu wanapenda kusoma ya mbuzi."

Nilimweleza tena, polepole, kwamba wanaolisoma ni watu wanne tu, na wote wanne wanataka kusoma mambo ya kodi. Akanisikiliza kwa adabu, akaitikia, akanibebea kikapu hadi barabarani. Faili liliporudi lilikuwa na matangazo mengi kuliko mwanzo, na moja lilikuwa lake mwenyewe: shemeji yake wa Ubaruku anauza mche wa mgomba.

Hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni barua za mnyororo. Wale waliokuwa wakubwa wakati ule watazikumbuka. Barua isiyo na jina la mwandishi inakwambia kwamba imeizunguka dunia, kwamba uinakili mara nyingi na kuwapelekea watu, nawe utapata baraka, na ukiikata utapatwa na baya. Inakutajia askari aliyeichana akafa, na mjane aliyeinakili akapata utajiri. Ya kwanza iliingia sijui kwa mkono wa nani. Nilipolipokea faili lile safari ile, lilikuwa limevimba hadi kamba haifungi. Ndani yake barua ile ile, nakala juu ya nakala, kwa mwandiko wa kuinama ninaoufahamu vizuri. Ulikuwa mwandiko wa mzee wetu wa Makongolosi.

Sikuamini. Yule mzee alikuwa mtu wa risiti. Kitu kisichokuwa na ushahidi kwake hakikuwapo. Nilimwandikia ukurasa wa adabu: Shikamoo mzee, naomba barua hizi tusiziweke kwenye faili, zinaficha maswali. Hakujibu. Mzunguko uliofuata zilikuja nyingine. Kule Iringa mwalimu alikasirika kuliko mimi. Aliniandikia kwa wino mwekundu kwamba huo ni ushirikina, kwamba yeye ni mzee wa kanisa, na kwamba kuanzia sasa kila barua ya namna ile ikifika kwake itaingia motoni. Nilifurahi sana. Hatimaye, nilijiambia, nimepata mtu wa kunisaidia kufagia.

Wakati huo huo karani wa Rujewa alikuwa ameandika swali zito. Wakulima wengi waliokuja mashineni kwao hawakuwa na fedha taslimu. Walilipa ujira wa kukoboa kwa kuacha sehemu ya mchele. Je, mchele ule uhesabiwe mapato siku unapopokewa, au siku unapouzwa? Na kwa bei ipi? Afisa wa kodi alikuwa amesema atakuja kukagua, na mwenye mashine alikuwa amemwambia kijana kwamba hesabu zikikosewa atafute kazi kwingine. Mimi sikujua jibu. Mwalimu hakujua. Mimi niliandika kando: "Tumsubiri mzee wa Makongolosi." Faili likazunguka, likarudi bila jibu. Likazunguka tena.

Asubuhi moja ya baridi ile ya Mbeya ya mwezi wa sita, kijana alikuja mwenyewe. Nilimkuta mlangoni kwangu, amesimama na koti lisilomtosha, pumba za mpunga bado kwenye mishono.

"Dada, afisa ameshakuja."

"Ikawaje?"

"Ameniuliza mchele wa ujira uko wapi kwenye vitabu. Nikamwonyesha nilivyoandika, akasema hapana. Ametufanyia makadirio, yaani kodi ya kukisia yeye mwenyewe. Bosi ameniambia nisirudi bila barua ya pingamizi ya maana." Alikaa kwenye benchi, akatazama mikono yake. "Yule mzee alinichukia nini? Wengine wote anawajibu."

Nilimpa chai na mkate, nikafunga ofisi, nikapanda gari la kwenda Makongolosi. Njia ile ya kupanda milima na kuteremkia Chunya ilikuwa vumbi tupu, na nilitumia safari nzima kupanga maneno makali. Nilikuwa na mengi.

Nilimkuta mzee kwenye kibaraza chake, meza ndogo mbele yake, ananakili. Nilimsalimu, akaniitikia marahaba kwa furaha ya kweli, akamwita mkewe alete kiti. Maneno yangu makali yakakosa pa kuanzia.

"Mzee, kijana wa Rujewa anataka kufukuzwa kazi. Kwa nini hukumjibu?"

Akavua miwani. "Nilimjibu."

"Hapana, mzee. Faili limefika kwangu mara mbili, halina neno."

"Nilimjibu kirefu, mwanangu. Karatasi zimeadimika, unajua mwenyewe. Nikaandika nyuma ya barua moja."

Nilielewa pale pale, na nikahisi uso ukiwaka moto. Jibu lilifika Iringa, kwa mwalimu wetu mzee wa kanisa, likaingia motoni pamoja na laana zote.

"Lakini mzee," nilisema, na sauti yangu haikuwa ya adabu tena, "kwa nini unaandika mambo haya? Wewe! Unayaamini?"

Akatazama ndani ya nyumba. Nilisikia mtoto akikohoa, kikohozi cha kuvuta, na bibi akimbembeleza.

"Siamini," alisema. "Ni mjukuu wangu. Barua ilikuja wiki aliyoanza kuugua. Siamini hata kidogo. Lakini kama siamini, nikaichana, halafu mtoto akafa? Nitamwambia nini bibi yake?"

Nikajaribu njia nyingine. "Basi unakili, mzee. Unakili utakavyo. Ila usituwekee kwenye faili. Wape watu wengine."

"Watu gani?" Aliuliza kwa kutaka kujua kweli. "Barua inasema wapewe watu wanaosoma. Mimi hapa nawajua wachimbaji. Wanaosoma nawajua ninyi watatu."

Ndiyo hali niliyokuwa nayo. Ningeweza kubishana na mjinga, ningeweza kumkemea mhuni. Huyu alikuwa mtu mwema mwenye mgonjwa ndani, na bado alikuwa ameliua faili letu. Nilimwomba anisomee jibu upya. Akalisema kwa mpangilio, bila kutazama popote: mchele wa ujira ni mapato siku unapopokewa, kwa bei ya siku hiyo, ukija kuuzwa ghali zaidi, unaongeza ile tofauti tu, usiuhesabu mara mbili, na pawe na kopo moja la kupimia lisilobadilishwa, ili afisa akiuliza aonyeshwe. Alikuwa amefanya hivyo hivyo kwa duka lililouza nguo kwa mahindi. Niliandika yote. Aliponisindikiza kwenye gari alinipa bahasha. Sikuhitaji kuifungua kujua kilichomo.

Pingamizi tuliliandika ofisini kwangu, mimi na kijana, tukalipiga taipu vizuri. Likakubaliwa, makadirio yakapunguzwa, na mwenye mashine akamwambia kijana arudi kazini. Hakumshukuru. Kijana alinieleza hilo kwa kicheko kifupi, kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Mimi nikaanza ukali. Nilimpigia mwalimu simu, ile ya kusubiri nusu ya asubuhi posta hadi uunganishwe, nikamwambia asichome tena kitu chochote.

"Kwa hiyo niyaache mambo ya giza yapite kwenye nyumba yangu?" aliuliza.

"Yapite, mwalimu. Yaje kwangu. Nitachambua mimi, mbele na nyuma."

"Kamwene," akasema kwa ubaridi, salamu ya kwao Iringa, kana kwamba ndiyo kwanza tunasalimiana, na simu ikakatika. Kwa mizunguko kadhaa hakuandika chochote ila "Nimeona."

Kisha nikamwagiza fundi sanduku dogo la bati lenye kufuli, kila mmoja wetu akapewa ufunguo. Konda mnene alipoliona aliligeuzageuza mikononi.

"Dada, umeniona mwizi?"

"Sikukuona mwizi, kaka. Nimechoka na mbuzi."

"Nimebeba faili lako miaka yote hii bure. Sijalipoteza hata siku moja."

Ilikuwa kweli, na nilimwambia kwamba ni kweli. Akaliweka sanduku kwenye kiti cha nyuma, mbali naye. Lilirudi likiwa na matangazo yamebandikwa nje kwa uji wa unga, pande zote, hata juu ya tundu la kufuli. Nilikaa na kisu kukwangua uji ule, nikiongea peke yangu kama mwendawazimu.

Na mjukuu wa Makongolosi akapona. Nilimshukuru Mungu, kwani sauti ya kile kikohozi ilikuwa imenikaa masikioni. Lakini mzee aliandika kwenye faili, kwa mwandiko ule wa kuinama, ushuhuda: mtoto amepona, nakala zimefanya kazi, ndugu zangu msikate mnyororo. Baada ya hapo hakuna neno lililomrudisha nyuma. Kila Jumamosi niligeuza karatasi zake moja moja, baraka upande huu, kodi upande wa pili, nikizipiga taipu zile za kodi. Majibu yake yalizidi kuwa mazuri. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote: sikuweza kumwacha.

Nilipoolewa na kuhamia mbali na Mbeya, nilimkabidhi kijana wa Rujewa sanduku, funguo na nakala zangu zote. Kwa wakati ule alikuwa ameacha mashine na kuanza kuandaa hesabu za watu wengine, tena vizuri. Alipokea kwa mikono miwili, akasema hiyo kazi ndogo, dada, usijali. Nilimwonea huruma.

Miezi ikapita, nikapata barua yake. Haikuwa na salamu ndefu kama kawaida yake. Aliandika kwamba konda ameanza kuweka picha za harusi ya binti yake kwenye sanduku, kwamba mwalimu na mzee wanabishana juu ya Shetani kwenye karatasi ya kodi ya mauzo, na kwamba wiki nzima hajalala vizuri kwa hasira. Mwishoni akauliza: "Dada, wewe ulivumiliaje?"

Nilimjibu siku ile ile kwamba sikuvumilia, nilikuwa nikipiga kelele ofisini na kufunga mlango ili wateja wasisikie. Nikamshauri ajaribu.