Maji Yanamtafuta Raban

Nilipokuwa mtoto pale Tuwan, Kitale, maji yalitaka kumchukua binamu yangu mchana kweupe, na mtu yeyote akikusimulia tofauti, mwambie hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Niliona yote kwa macho yangu haya mawili, ambayo siku hizo yalikuwa makali kuliko ya mwewe. Shule niliiachia darasa la saba, sikatai, lakini kuona kitu na kukikumbuka hakuhitaji cheti.

Binamu mwenyewe ni Laban. Alikuja kutoka Misikhu wakati wa likizo, yeye na nyanya yetu, ambaye sisi Wabukusu tulimwita kukhu. Mama yake Laban, binti wa kukhu, alikuwa ameshafariki, na huyo kijana ndiye pekee aliyemwachia. Kukhu alimwangalia kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Laban akikohoa, kukhu anasimama.

Wiki ile mimi sikukalika. Jirani yetu Kibet, rika langu, alikuwa amesikia kwamba upande wa mlimani, kwenye shamba la zamani la mzungu, kuna ziwa dogo lisilo na mwenyewe, na ndani yake samaki mnono wa mdomo mpana anayeitwa basi. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko. Mimi nikasema nalijua vizuri, hata mlango wake naujua. Ningefanyaje? Laban alishaanza kutusimulia anavyovua mto Nzoia, na mgeni hawezi kukushinda nyumbani kwako.

Nikakata mpini wa kijiko cha chai cha mama, nikakitoboa, nikakifunga ndoano. Basi hupenda kitu kinachong'aa. Hukifukuza akidhani ni samaki mdogo. Kukhu akatukuta tukikunja uzi.

"Mnaenda wapi?"

"Kuvua basi, kukhu."

"Basi? Si basi iko steji? Mnaitafuta aje kwa maji?"

Tulicheka mpaka Kibet akakaa chini. Kukhu hakucheka. Alisema kwamba kwenye maji ya ugenini mtu haitwi jina lake.

"Maji iko na masikio," akatuambia. "Ikisikia jina yako, inaweka. Siku ingine inakuita, na wewe unaenda, unafikiria ni mtu unajua. Kwa hivyo leo hakuna majina. Wewe ni Sufuria." Huyo mimi. "Wewe ni Kinu." Huyo Kibet. Akamshika Laban kidevu. "Na huyu ni Mwiko."

"Lakini kukhu, mimi ni Mkalenjin," Kibet akasema. "Maji ya hapa hata ikisikia jina yangu haiwezi kuitamka."

"Itajifunza."

Kisha akanivuta kando. "Sufuria, huyu umrudishe vile nimekupa."

Nikasema ndiyo, lakini miguu yangu ilishatoka nje kabla ya mdomo.

Ziwa lenyewe lilituvunja moyo. Lilikuwa kama chai iliyomwagika kwenye sinia: pana, la kina kifupi, rangi ya maziwa kidogo. Ukiingia, maji yanakufika magotini, na ukitembea sana, bado magotini. Lakini hapakutulia. Upepo ulikunja maji, ukayakunjua, ukayakunja tena. Ndege waliruka, wakatua, wakaruka kabla hatujawakaribia. Kila mara nilihisi kuna mtu nyuma yangu, nikageuka, nikakuta nyasi.

"Sufuria, si ulisema unajua hapa?" Kibet akaniuliza.

"Najua. Imepungua tu."

Tuliingia na fito zetu za mwanzi, kila mtu upande wake. Laban alikwenda mbali zaidi, mpaka mahali ambapo majani hayakuota. Leo ningemwita arudi. Palipo na maji ya magoti na majani kila mahali isipokuwa mahali pamoja, jiulize kwa nini pale hapaoti kitu. Palikuwa na mkondo wa zamani wa kijito, umejaa matope. Lakini siku ile nilichoona mimi ni kwamba Mmisikhu amepata mahali pazuri.

Halafu tukamsikia.

"Basi! Basi!"

Alikuwa ametugeuzia mgongo, mikono inacheza.

"Vuta!" nikapiga kelele. "Usilegeze uzi!"

"Basi jamani! Basi!"

"Ni kubwa, bana!" Kibet akaruka kwa furaha. "Ona vile imemvuta mpaka kiuno!"

Wivu uliniuma, siwafichi. Nilikuwa natunga jinsi nitakavyosema nyumbani kwamba tulimvuta pamoja, ndipo nikaona ufito wa Laban ukielea peke yake, kijiko cha mama kinazunguka pembeni. Mtu havui kwa mikono mitupu. Basi ile haikuwa samaki. Ilikuwa ya mtu anayesema imetosha.

Tulikimbia kama mtu anavyoweza kukimbia ndani ya maji, yaani vibaya. Nililala juu ya majani nikanyoosha ufito wangu. Ulifika, lakini ulifika nyuma ya bega lake, na yeye anaangalia mbele, anapiga maji, na kila akipiga anashuka.

"Mwiko! Geuka, Mwiko!"

Wewe ukiwa kwenye matope ya kifua, mtu akiita mwiko, utageuka?

"Ni wewe, Mwiko! Shika mti!"

Matope yakafika kwapani. Kibet akaona mdomo wangu unavyojikusanya, akanishika shati. "Usiite! Kukhu alikataza!"

Nikaita. Na kwa hofu ule ulimi wangu wa Kibukusu ukateleza. Kwetu herufi l na r ni mapacha, unamwita huyu anakuja yule.

"Raban!"

Aligeuka. Akashika ufito, mimi nikavuta, Kibet akavuta miguu yangu, na matope yakamwachia kwa sauti ya kufyonza, yakabaki na kaptula. Pale alipokuwa, mapovu yalipanda moja moja, polepole, kama mtu anayerudia neno ili asilisahau.

Alirudi nyumbani amefungwa sweta yangu kiunoni. Kukhu alikuwa mlangoni. Hakutupiga. Alimpapasa Laban kichwa, mabega, mikono, kisha akaniuliza mimi.

"Mlimwita?"

Laban hakukumbuka kitu. Kibet alitazama chini.

"Nilimwita, kukhu."

Akaanza kufungua leso yake na kuifunga. Akaifungua tena. Ile mikono sijaisahau: ilikuwa tayari inamzika mtu aliyesimama mbele yake.

"Ulisema nini? Sema vile ulisema."

"Nilisema Raban."

Akanitazama. Akamtazama Kibet.

"Ni kweli, kukhu," Kibet akasema haraka. "Alisema Raban."

Kukhu akacheka. Alicheka akashika mlango, machozi yakamtoka. "Raban! Hiyo maji itatafuta Raban mpaka ichoke! Kwetu hakuna Raban!" Jioni ile alipika kuku, na tangu hapo ukoo mzima unamwita Raban.

Leo nina mvi, natengeneza pikipiki hapa Kitale, na kisa hiki wateja wangu wamekisikia mpaka wanakijua. Laban yuko Bungoma. Kazi zote duniani, yeye akachagua kuchimba mabwawa na kufuga samaki. Mvua ikianza kunyesha, siwezi kukaa. Naacha pikipiki ya mtu imefunguliwa, napiga simu.

"Raban."

"Sasa nini tena, Sufuria?"

"Uko wapi?"

"Kwa bwawa. Si unajua kazi yangu?"

"Toka kwanza tuongee."

Anacheka, anatoka. Nasikia gambuti zake zikikanyaga mawe, ndipo napumua. Mchungaji wangu ananiambia maji ni maji, na mimi namwitikia amina. Lakini Laban akiwa karibu na bwawa sitamki jina lake, hata mkinilipa.

Watu hudhani ni utani wa utotoni, nami nawaacha wacheke. Kukhu alilala vizuri usiku ule, na miaka yote aliyobaki nayo. Ambaye halali ni mimi, kwa sababu katika haya yote kuna neno moja nililitunga mwenyewe, pale mlangoni, mbele ya ile mikono na ile leso. Kule ziwani ulimi wangu haukuteleza. Niliita Laban, l yake safi kama ya mwalimu. Basi.