Lebo ya Okidi

Mama mtunza mimea mikavu ya utafiti hana imani na ua. Ua, anasema, linajua kujipamba. Mzizi haujui uongo. Ukimletea okidi, mmea wa maua wa mlimani, hata iwe nzuri kiasi gani, ataigeuza miguu juu kwanza, kama mzazi anayekagua nyayo za mtoto aliyetoka kucheza. Lenzi yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hubana pumzi, huchungulia, kisha hutaja jina mara moja tu, wala harudii.

Asubuhi moja watafiti waliokuwa wakisaka okidi moja adimu mlimani walirudi mikono mitupu kwa mara ya tatu. "Mama, miamba yote tumeimaliza," alisema kiongozi wao. "Okidi ile imeshatoweka." Mama akafungua kabati, akatoa karatasi kuukuu iliyobandikwa okidi hiyo, ya pekee iliyowahi kupatikana. Lebo ilisema: juu ya mwamba. Akainama na lenzi. Kibano chake kikachomoa kitu katikati ya mizizi, kidogo kama ukucha wa mtoto: gamba la mti.

"Haikuota mwambani. Ilianguka na tawi juu ya mwamba, mtu akaiokota hapo," alisema mama.

"Nani huyo aliyetuzungusha miaka yote hii?"

Lebo ya zamani haifutwi. Mpya hubandikwa pembeni. Mama akaandika: juu ya mti. Akatia saini. Hapo kiongozi akaziona saini mbili, ya leo na ile ya lebo ya zamani, ya miaka thelathini iliyopita, zimefanana kama pacha.

"Msiniangalie mimi," alisema mama, akivuta buti zake kutoka chini ya meza. "Safari hii tunaangalia juu."