Maiti ya Fundi Obwocha

Nyamusi, fundi wa kompyuta pale soko la Ekerenyo, hana maneno matamu. Ukimwambia mashine yako imekufa, atakuuliza utaizika lini.

Juzi Jeconia, mwalimu wa kwaya, alimletea kompyuta yenye nyimbo zao zote. "Fundi Obwocha amesema imekufa. Anataka aichukue kama chuma chakavu."

"Obwocha amekuwa daktari tangu lini?"

Obwocha, mwenye duka la mkabala, alikuwa amemfuata Jeconia hadi mlangoni. "Mama, usijisumbue na hiyo. Ni maiti."

"Usiniite mama. Sikukuzaa, namshukuru Mungu."

Akaiwasha. Skrini ikabaki nyeusi, na neno moja tu la kulalamika. Nyamusi akafyonya. Kilichoharibika ni ile programu ndogo inayoionyesha kompyuta pa kuanzia. Nyimbo zilikuwa salama ndani. Alihitaji tu kuiwasha kwa diski, kisha airekebishe. Akabonyeza trei itoke aweke diski yake.

Trei ikatoka na diski nyingine ya kuwekea mfumo mpya, ile ambayo ikikatizwa katikati huiharibu programu hiyo ya kuanzia, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: OBWOCHA.

Jeconia akageuka kumtazama. Obwocha akatazama viatu vyake.

Nyamusi akaisukuma trei ndani, akaiwasha mashine kwa diski hiyo hiyo, akaandika amri chache, basi. Ilipowaka tena, akafungua wimbo mmoja, kwaya ikaimba duka zima. Akaichomoa diski, akamtupia mwenyewe kifuani.

"Shika. Siku nyingine ukiua, usisahau kisu ndani ya maiti."