Paa la Scarrowby na Adabu za Bi Muriel

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Bi Muriel Ottaway alivaa mabuti yake ya mpira akaenda kumwaga ndoo. Zilikuwa arobaini na moja, ukitia ndani mabeseni, masufuria na lile bakuli la kauri ambamo zamani mabwana wa jumba la Scarrowby walipakuliwa supu. Jumba lilikuwa na vyumba sitini na vinne, na mvua ya jimbo la Lincolnshire haikukibagua hata kimoja.

Alilitunza miaka thelathini na miwili. Bwana wa mwisho alipofariki bila mtoto, jumba lilibaki mikononi mwa wadhamini huko London, na Bi Muriel akaachiwa kijumba cha langoni akae bure, maadamu yeye ndiye mtunzaji. Hakuwa na pengine. Jumba likimtoka, na paa la kichwani mwake limemtoka.

Usidhani hapakuwa na wa kulijali. Wenye kujali walikuwa tele, na ndio waliolimaliza. Vigae vilivyovunjika visibadilishwe, walisema, kwa kuwa vya kale havifyatuliwi tena na vipya ni marufuku. Darini walihamia popo wa aina adimu. Sheria ikasema wasisumbuliwe, na fundi aliyepanda ngazi kuziba tundu akashushwa kwa barua ya mwanasheria. Katika ukumbi wa dansi mti ulichipua katikati ya mbao za sakafu. Akaja mtaalamu, akaupima, akaubandika kibandiko: usikatwe. Tangu siku hiyo Bi Muriel aliumwagilia maji, maana mti wenyewe, alisema, haukuwa na kosa.

Kosa lilikuwa lake, nami ingawa nampenda nitalisema. Kila Machi wadhamini walimletea fomu ya kuuliza hali ya paa, na kila Machi aliandika kwa mwandiko mzuri: "Si mbaya sana, asanteni." Ndivyo alivyolelewa. Kwao mtu aliyevunjika mguu husema unamsumbua kidogo, na kulalamika ni sawa na kuvua nguo hadharani. London wakisoma, wakifurahi, wakipeleka fedha na mafundi kwa watunzaji wa majumba mengine wenye midomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Aliyelibomoa jumba hili ni wewe, Muriel," akasema Cyril Bagshaw, mtunza bustani, wakinywa chai jikoni chini ya mwavuli. "Mvua imesaidia tu."

"Sikutaka kuwasumbua watu, Cyril."

"Wasumbue! Alhamisi wadhamini wanakuja kuamua kama watalikarabati ama watalifunga. Sema paa limeoza. Maneno mawili tu, mama. Hebu jaribu."

"Paa... limechoka kidogo."

"Lahaula! Limechoka limelima wapi? Limeoza! Au unataka ukalale kituo cha basi?"

Siku tatu alifanya mazoezi darini, akiwaambia popo.

Alhamisi akaja Bwana Crispin Ludgrove, mjumbe wa wadhamini, amevaa suti na kofia ngumu ya mafundi. Mlangoni alijikwaa kwenye ndoo, akaiomba radhi. Bi Muriel akamkaribisha chai na keki ukumbini.

"Jumba zuri mno," alisema mgeni, maji yakimdondokea begani. "Na paa je, Bi Ottaway? Kwenye fomu zako naona halina neno."

Hapo hapo kipande cha dari, kikubwa kama mlango, kikaanguka juu ya keki. Vumbi likatanda. Bwana Ludgrove akapangusa miwani.

"Hii keki ya matunda?" akauliza. "Yaelekea ni tamu sana."

Bi Muriel akasimama.

"Paa limeoza, Bwana Ludgrove. Limeoza tangu nina meno yangu yote. Kwenye zile fomu nilidanganya, zote thelathini na mbili. Jumba hili linakufa, na likifa mimi sina pa kwenda. Ninaogopa."

Angemtukana, angesamehewa, angezirai, angepepewa. Lakini kumwambia mgeni kwamba unaogopa, tena kabla hajamaliza kikombe! Bwana Ludgrove aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Akageukia dirishani, nje mvua ikimwagika.

"Naona kunaanza kuanuka," akasema. Akaomba radhi mara nne, akaenda zake.

Barua ilifika baada ya wiki mbili, Cyril naye akiwapo. Wadhamini walikuwa wamepima ushahidi wote. Fomu thelathini na mbili zilisema paa si baya sana, na maneno ya siku moja, yaliyosemwa kwa jazba, hayawezi kuzitangua. Hali ya jumba: ya kuridhisha. Hali ya mtunzaji: ya kutia wasiwasi. Jumba lifungwe, lichunguzwe kwa miaka mitano. Mtunzaji apumzishwe, akabidhi funguo za kijumba katika siku ishirini na nane, kwa shukrani nyingi.

"Mabwege hawa!" Cyril akafoka. "Waandikie. Waambie tena!"

"Nimeshawaambia, Cyril."

Akaketi ngazini, barua mapajani, akalia kwa sauti, mbele ya mtu, wala hakumwomba radhi.